Mataya na Majina Yake

Kwenye saiti ya ujenzi Dar es Salaam, kibarua akiambiwa alete koleo atarudi na kifaa chenye bamba pana na mpini mrefu, kile cha kuzolea mchanga na kukorogea zege. Neno hilohilo likitajwa kwa mhunzi wa Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mkono wake utakwenda kwenye vyuma viwili virefu vilivyopishana na kufungwa kwa riveti, anavyotumia kushikia chuma kilichoiva motoni. Fundi umeme naye, akilikuta neno hilo kwenye kitabu cha ufundi, ataelewa kuwa linamaanisha plaisi iliyo mfukoni mwake. Watu watatu, vifaa vitatu, neno moja, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kati ya maana hizo, ya mhunzi ni kongwe. Kamusi za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 20 zinalieleza koleo kuwa kifaa cha kushikia chuma cha moto, na wasomaji wa Biblia wanalijua hivyo kutoka Isaya sura ya 6, pale serafi anapolitwaa kaa la moto juu ya madhabahu kwa koleo. Maana ya sepetu nayo imeenea bara kiasi kwamba kuipiga vita leo ni kupoteza muda. Lakini mtu anayeandika orodha ya vifaa vya chuo cha ufundi, zabuni ya halmashauri au maelekezo ya usalama kazini hana budi kuongeza neno la pili: koleo la kuzolea, koleo la kushikia. Neno hilo moja huokoa safari nzima ya kurudi dukani.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina kushika, kubana, kukaza, kukamata, kung'ata, kung'oa, kukata, kupinda na kusokota, na kila kitenzi kati ya hivyo kinaeleza tendo tofauti la mkono na chuma. Tatizo ni kwamba majina ya vifaa yaliingia kwa mlango mwingine: mengi yaliletwa na gereji, reli na viwanda, yakiwa yameshikamana na lugha ya aliyevileta. Sura hii inayapanga majina hayo kwa kutazama kile ambacho mataya ya kifaa yanafanya, kwa sababu jina linalofuata kazi ya mataya humwambia mwanafunzi kifaa kitumike wapi na, jambo lenye uzito zaidi, kisitumike wapi.

Vifaa vya kushikia ni vingi, ila njia za kushika ni chache. Mikono miwili inaweza kupishana na kufungwa katikati, ukibana mipini, mataya yanafumba: hilo ni koleo. Mikono inaweza kuungana mwishoni na kufunguka yenyewe kwa mnyumbuko wa chuma: hicho ni kibano, kama kile cha kuondolea mwiba au cha muuguzi kushikia pamba. Mataya yanaweza kusogezwa na parafujo nene inayozungushwa kwa mkono: hilo ni jiliwa, ambalo gereji nyingi huliita vaisi. Na mdomo unaweza kuwa umechongwa tayari kwa kipimo cha kitu chenyewe, usibane kabisa bali uingie na kukizungusha: hiyo ni spana. Mtu akizielewa njia hizi nne, sehemu kubwa ya duka la vifaa imeshajipanga kichwani mwake.

Koleo ni nyenzo ya daraja la kwanza, kwa maneno ya darasa la fizikia: egemeo lipo katikati, nguvu upande mmoja, mzigo upande wa pili. Kama kiganja kinabana milimita 120 kutoka kwenye riveti, na kitu kimeshikwa milimita 30 upande wa pili, nguvu ya kiganja huzidishwa mara 4. Kisogezwe hadi milimita 12 tu kutoka kwenye riveti, nguvu huzidishwa mara 10. Ndiyo maana makali ya kukatia waya yamewekwa karibu kabisa na egemeo, na ndiyo maana fundi anayejua kazi hakati msumari kwa ncha ya koleo. Mhunzi naye hurefusha mipini kwa sababu mbili kwa mpigo: apate nguvu, na mkono ukae mbali na moto.

Kabla ya kuwa na koleo la chuma, mhunzi alishika nini? Katika kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Misri wakati wa Farao Thutmose wa Tatu, katika karne ya 15 KK, kuna michoro ya mafundi wanaonyanyua chungu cha shaba iliyoyeyuka kwa kukibana kati ya fito mbili. Fito zilifanya kazi, lakini ziliungua. Suala hilo liliwashughulisha hata wanazuoni wa Kiyahudi. Katika Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200 BK, sehemu iitwayo Avot inataja vitu vilivyoumbwa jioni ya siku ya sita, kabla tu ya Sabato ya kwanza, na baadhi yao wakaongeza katika orodha hiyo koleo, kwa hoja kwamba koleo hutengenezwa kwa koleo: la kwanza kabisa lilishikwa kwa nini wakati linafuliwa? Ni swali zito kuliko linavyoonekana. Ufuaji wote wa chuma, ukiwamo wa Washana, ukoo wa wahunzi wa Upare, umesimama juu ya uwezo wa kushika kitu ambacho mkono hauwezi kukigusa.

Kutoka kwa mhunzi, koleo liligawanyika. Mtoto wake anayejulikana zaidi Afrika Mashariki ni plaisi, ambayo wengine huitamka praizi au plaizi. Plaisi ya kawaida ya fundi umeme, urefu wake milimita 160 hadi 200, kwa kweli ni makoleo matatu katika mwili mmoja. Ncha zake ni bapa zenye mikwaruzo, za kubana na kupinda bamba au waya. Nyuma ya ncha kuna uwazi wa mviringo wenye meno, wa kushikia vitu vya duara. Karibu na riveti kuna makali ya kukatia. Jina linalofaa kwake katika maandishi ni koleo la kubana na kukata, na mtaani litabaki plaisi bila ugomvi wowote, maana neno hilo limekwisha kuwa la Kiswahili, kama shati na meza.

Nchini Marekani, plaisi nzito za mafundi wa nyaya huitwa Klein, jina la mtu. Kampuni yenyewe inaeleza kuwa mwaka 1857, mjini Chicago, fundi wa telegrafu alimletea mhunzi Mathias Klein, mhamiaji kutoka Ujerumani, koleo lililovunjika upande mmoja. Klein alifua nusu mpya akaiunganisha na nusu ya zamani. Baadaye nusu ya zamani nayo ikavunjika, fundi akarudi, Klein akafua nusu ya pili, na hapo likapatikana koleo zima la mkono wake. Telegrafu ilikuwa inasambaa kwa kasi, nyaya zilihitaji watu wa kuzikata na kuzisokota juu ya nguzo, na jina la mhunzi likawa jina la kifaa.

Hapa pana jambo moja ambalo linastahili kusemwa kwa sauti. Plastiki ya rangi kwenye mipini ya plaisi si ushahidi kwamba plaisi hiyo inazuia umeme. Plaisi nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimechovywa kwenye plastiki ili mkono usiteleze tu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60900 ndicho kinachohusu vifaa vya mkono vya kufanyia kazi kwenye umeme ulio hai, hadi volti 1000 za mkondo geu na 1500 za mkondo mnyoofu, na kila kifaa kinachotengenezwa kwa kiwango hicho hupimwa kwa volti 10,000 kabla ya kutoka kiwandani. Alama yake ni pembetatu mbili zilizopandana pamoja na maandishi 1000 V. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, na unatosha kuua. Basi mwenye kuandika "plaisi ya umeme" kwenye orodha ya manunuzi bila kutaja alama hiyo hajamaliza kuandika. Hata mwenye plaisi yenye alama hiyo, kwanza azime swichi kuu.

Ndugu wa plaisi wanajulikana kwa midomo yao. Ile yenye mdomo mwembamba, mrefu, huitwa longinozi gerejini; ni koleo la mdomo mrefu, la kuingia mahali vidole visipofika, na ncha zake hupinda haraka zikitumiwa kukazia nati. Saidikata ni koleo la kukatia: mataya yake ni makali matupu, hayashiki kitu. Mtu akiomba plaisi akapewa saidikata, atakata waya aliotaka kuuvuta.

Koleo la seremala la kung'oa misumari lina mataya ya mviringo yanayokutana mbele kama midomo iliyofumba. Mgongo wake wa mviringo umewekwa kwa makusudi, kwa sababu ukishaung'ata msumari unalilaza koleo juu ya ubao, mgongo unabingirika, msumari unatoka bila kuvutwa kwa nguvu za mabega. Wafunga nondo kwenye majengo wanatumia umbo linalofanana na hilo, ila lenye mipini mirefu zaidi na kichwa chembamba, kwa kusokota waya wa kufungia na kuukata kwa mwendo mmoja. Wajerumani huliita Rabitzzange, koleo la Rabitz, kwa heshima ya Carl Rabitz, fundi mkuu wa ujenzi wa Berlin aliyesajili hataza ya ukuta wa plasta juu ya wavu wa waya mwaka 1878. Saiti nyingi za Kiafrika zinalihitaji kila siku bila kuwa na jina moja la kuliita katika maandishi. Koleo la kufungia nondo linatosha na linaeleweka hata na asiyewahi kuliona.

Kisa cha wotapampu kinaonyesha jinsi jina linavyoweza kuishi baada ya kazi yake kufa. Ni lile koleo la mipini mirefu na mataya yaliyopinda, linaloweza kuhamishwa hatua kwa hatua ili mdomo upanuke. Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na nati kubwa kwenye pampu ya maji, iliyobana kamba ya kuzuia uvujaji, na dereva alilazimika kuikaza mara kwa mara. Koleo hilo lilitumika pale. Nati hizo hazipo tena kwenye magari, na leo kifaa hicho kimehamia kwa mafundi bomba. Mwaka 1933 mhandisi Howard Manning, wa kampuni ya Champion–DeArment mjini Meadville, Pennsylvania, alibuni mifereji na ndimi za chuma zinazofanya egemeo lisiteleze wakati wa kubana. Hataza ilitoka mwaka 1934, biashara ikapewa jina Channellock, na jina hilo likawa kubwa hadi kampuni nzima ikalichukua mwaka 1963.

Mkanganyiko wa majina ya makoleo si wa Waswahili peke yao. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limelazimika kuwa na hati nzima, ISO 5742, inayoshughulikia majina ya makoleo tu, kabla ya hati nyingine kueleza vipimo na majaribio yake. Waliotunga viwango waligundua kuwa hawawezi kupima kitu ambacho hawajakubaliana kukiita.

Kosa la kawaida kuliko yote katika kushika ni kufungua nati kwa plaisi. Nati ina pembe sita na nyuso sita. Mataya ya plaisi hufunguka kwa pembe kutoka kwenye riveti, hayabaki sambamba, kwa hiyo yanaigusa nati kwenye mistari myembamba na kwenye kona. Nguvu ikiongezeka, kona zinalika, nati inakuwa duara, na baada ya hapo hata spana sahihi haiwezi kuishika tena. Spana haibani. Mdomo wake una kuta mbili sambamba zilizoachana kwa kipimo kimoja maalumu, na kazi yake ni kuupa mkono urefu. Ikiwa na mdomo wazi ni spana ya mdomo, ambayo mafundi huiita flati, ikizunguka nati nzima ni ringi, na ikiwa kikombe kinachovaa nati kwa juu ni soketi au boksi. Ringi na soketi hugusa pande zote sita, na hizo ndizo za kuanzia nati iliyokwama kwa kutu.

Namba za spana nazo zina historia iliyoandikwa kwenye visanduku vya gereji za Afrika Mashariki. Namba ni umbali kati ya nyuso mbili za nati zinazotazamana, kwa milimita, si unene wa bolti. Bolti ya milimita 8 kwa desturi ya Ulaya hufunguliwa kwa spana namba 13. Watengenezaji wa magari wa Japani walichagua kichwa kidogo zaidi: bolti ileile hufunguliwa kwa namba 12, ya milimita 10 kwa namba 14, ya milimita 12 kwa namba 17. Kwa kuwa barabara za Tanzania, Kenya na Uganda zimejaa Toyota na ndugu zake kutoka Japani, spana namba 10, 12 na 14 huchakaa na kupotea upesi, huku namba 13 ikibaki inang'aa hadi gari la Kijerumani lije. Mwanafunzi anayekariri jedwali la kitabu cha Ulaya anaweza kudhani bosi wake amekosea. Bosi hajakosea, ila vitabu vinavyomfunza kijana viliandikwa kwa ajili ya magari mengine.

Kisha kuna spana yenye mdomo unaopanuliwa kwa kuzungusha gurudumu dogo la meno. Katika gereji za Tanzania inaitwa spana malaya, kwa maelezo kwamba inaikubali nati yoyote. Jina hilo limeenea, na anayelitumia mara nyingi hana nia mbaya. Hata hivyo linastahili kuachwa. Tangu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ianzishwe kwa sheria ya mwaka 1994, vyuo vya ufundi stadi vimepokea wasichana katika umeme, magari na uchomeleaji, na haifai msichana wa miaka 17 atumwe kila siku kuleta kifaa ambacho jina lake ni tusi dhidi ya wanawake. Tena halifundishi lolote kuhusu kifaa chenyewe. Spana ya kurekebisha ni jina fupi, linaeleweka papo hapo, na linataja kile gurudumu linachofanya.

Mataifa mengine yalikipa kifaa hicho majina ya majirani zao. Wahispania wanakiita llave inglesa, ufunguo wa Kiingereza, na Waitaliano wanasema hivyohivyo kwa lugha yao. Wajerumani wanayo aina ya zamani iitwayo Engländer na nyingine iitwayo Franzose, yaani Mwingereza na Mfaransa. Wadeni wanasema svensknøgle, ufunguo wa Kiswidi. Uingereza inastahili kutajwa kwa sababu mhandisi Richard Clyburn alibuni spana ya kurekebisha huko katika miaka ya 1840. Sweden inastahili zaidi kwa umbo tunaloliona leo. Johan Petter Johansson, aliyezaliwa mwaka 1853, alifungua karakana yake katika mji wa Enköping mwaka 1886. Inasimuliwa kuwa alichoshwa na kubeba rundo la spana kila alipoitwa kutengeneza mtambo, maana wakati huo kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake vya nati. Hataza yake ya renchi ya bomba ilitoka mwaka 1888, ya spana ya kurekebisha ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1890, na vifaa vyake vikasambazwa na kampuni ya B. A. Hjort, ambayo kifupi chake, Bahco, bado kinapigwa chapa kwenye spana hadi sasa.

Spana hiyo ina masharti. Taya moja ni sehemu ya mwili na ni imara. La pili linasogea, na kwa hiyo ni dhaifu zaidi. Fundi huiweka ili taya imara ndilo libebe mzigo, na huvuta kuelekea upande wa taya linalosogea. Akiigeuza, taya dhaifu linalegea, mdomo unapanuka kidogo, na kona za nati zinaanza kulika kama zilivyolika kwa plaisi. Kila mara kabla ya kuvuta, gurudumu lizungushwe hadi mdomo uikumbatie nati bila nafasi. Palipo na spana ya namba sahihi, ya kurekebisha ibaki mfukoni.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni kati ya spana ya kurekebisha na paipu renchi, ambayo mtaani mara nyingi hugeuka kuwa renji. Zinafanana kwa mbali: zote ni ndefu, zote zina taya linalosogea. Lakini renchi ya bomba ina meno, na taya lake la ndoano limeachwa lichezecheze kwa makusudi. Mpini ukivutwa, ndoano inainama na kuling'ata bomba, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kung'ata. Ukivuta upande wa pili inateleza, maana inashika upande mmoja tu. Mmarekani Daniel Stillson aliisajili mwaka 1869, na Waingereza mpaka leo wanaiita kwa jina lake. Imetengenezwa kwa ajili ya kitu cha duara kisicho na nyuso za kushika. Kwenye nati inatafuna, na kwenye bomba la kung'aa la bafuni inaacha alama za meno zisizofutika. Jina renchi ya bomba linabeba onyo ndani yake, mradi tu neno bomba lisidondoshwe.

Majina ya vifaa huzaa hadithi, na hadithi nyingine ni za uongo. Ipo moja inayosambaa sana kuhusu ile renchi ya kale ya Kimarekani yenye jina la nyani, kwamba ilibuniwa na bondia Jack Johnson na ikaitwa hivyo ili kumtukana kwa rangi yake. Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa dunia wa uzito wa juu kuanzia mwaka 1908 hadi 1915, kweli alipewa hataza ya maboresho ya spana mwaka 1922, na ni jambo la kumheshimu nalo. Lakini alizaliwa mwaka 1878, na Loring Coes wa Worcester, Massachusetts, alisajili aina maarufu ya renchi hiyo mwaka 1841. Jina lenyewe lilikuwa likitumika Uingereza kabla ya hapo. Ubaguzi uliomwandama Johnson una ushahidi wa kutosha, hauhitaji kuongezewa hadithi ya renchi.

Halafu kuna gripu, au vaisigripu, kifaa ambacho welda hawezi kufanya kazi bila hicho. Mhunzi William Petersen, mhamiaji kutoka Denmark, aliishi De Witt, mji mdogo wa Nebraska, na alitaka koleo ambalo lingeendelea kubana hata mkono ukiliachia. Hataza ya kwanza ilitoka mwaka 1921. Mwaka 1924 akapata nyingine yenye siri yenyewe: vyuma viwili ndani ya mpini vinavyonyooka vinapobanwa, vikavuka kidogo mstari wa katikati na kujifunga. Parafujo iliyo mwisho wa mpini huamua mataya yasimame wapi, na kiwiko kidogo hukifungua. Vise-Grip ilitengenezwa De Witt hadi mwaka 2008, kiwanda kilipofungwa na kazi ikahamishiwa China. Uingereza wanaiita Mole, kwa jina la kampuni iliyoanza kuiuza huko katika miaka ya 1950. Kwa Kiswahili cha maandishi, koleo la kujifunga ni jina sahihi: ni koleo kwa umbo, na kufunga ndiyo tofauti yake. Welda hushikia vyuma viwili pamoja, akaachia mikono yote miwili, akachukua mashine. Kwenye nati iliyokwisha kuwa duara, ni tumaini la mwisho, na nati hiyo hairudishwi tena mahali pake baada ya kutoka.

Jiliwa, ambalo kamusi nyingine huliandika jiriwa, limepata bahati mbaya ya kusahaulika. Neno limo kwenye kamusi kwa zaidi ya miaka 100, lina maana moja tu, halichanganywi na sepetu wala na kitu kingine chochote, na bado karakana zinasema vaisi. Vijana wanaochonga funguo na kunyoosha vyuma Kamukunji, Nairobi, wanategemea jiliwa kuliko kifaa kingine cha kushikia, kwa sababu ni mkono wa tatu usiochoka. Vitabu vya ufundi vikilitumia mfululizo, kwa kizazi kimoja litarudi midomoni.

Kizuizi kinachobaki ni vipimo, na hapa hata wenye majina sahihi huteleza, kwa kuwa namba inamaanisha kitu tofauti kwa kila familia. Plaisi ya 180 ni ya milimita 180 kwa urefu wake wote, kutoka ncha hadi mwisho wa mpini. Spana ya 17 ni upana wa mdomo. Jiliwa la inchi 5 linapimwa kwa upana wa mataya yake, ambao haufanani lazima na umbali yanaoweza kufunguka. Spana ya kurekebisha na renchi ya bomba hupimwa kwa urefu. Kwa hiyo agizo linalofika Kariakoo au Kirinyaga Road likisema "renchi ya inchi 2" linamwacha muuzaji akibahatisha kama mteja anataka urefu au bomba. Renchi ya bomba ya inchi 14 hushika hadi bomba la inchi 2, na kwa bomba la inchi 2 na nusu huagizwa ya inchi 18.